Asilimia Arobaini na Sita

Siku tuliyomzika Mzee Anselmi kule Mpui, mimi na Zuhura tulikaa mkeka mmoja. Tulikuwa hatujaonana miaka minne. Alikuwa ameingia asubuhi ile kutoka Mbeya, vumbi hadi kwenye kope, na tulipokumbatiana tulilia kama inavyopasa. Mambo yalikwenda vizuri hadi mpwa wa marehemu aliposimama kusoma wasifu. Alisoma marehemu alikozaliwa, alivyoajiriwa kuendesha greda, na barabara alizochonga mpaka chini bondeni Mtowisa. Kisha akakohoa, akageuza karatasi, akasema, "Pamoja na hayo, marehemu alikuwa mwanamichezo. Aliuanza mpira baada ya kustaafu." Nikamsikia Zuhura akivuta pumzi kwa pua. Nikakosea, nikamtazama. Tukajifunika kanga usoni wote wawili, mabega yakitikisika, na mama mmoja nyuma yetu akawa ananipapasa mgongo, "Jikaze, mwanangu. Jikaze. Ni kazi ya Mungu." Naandika haya ili mama yule, popote alipo, ajue tulichokuwa tunalilia.

Habari za wazazi na ukoo wangu naziacha, maana hazina mkono katika jambo hili. Mwaka tulipomjua marehemu nilikuwa na miaka ishirini na mitatu. Nilikuwa nimeacha kazi ya kuchapa mitihani katika shule moja ya masista upande wa Kaengesa, nikaja Sumbawanga mjini kufungua chumba cha gemu na Zuhura, rafiki yangu, binti wa familia ya wafanyabiashara wa pale sokoni. Mimi nilileta mashine ya gemu niliyoinunua kwa mwalimu aliyekuwa anahama, pamoja na CD zake na pedi mbili, vile vishikio vyenye vitufe vya kuchezea. Zuhura alileta televisheni, mabenchi na chumba. Chumba chenyewe kilikuwa stoo ya saruji ya kaka yake, Bakari, na ingawa tulikipiga deki mara nne, saruji haikutoka yote. Mtu akifunga goli, vijana wakirukaruka, vumbi la kijivu lilipanda na chumba kizima kikapiga chafya. Kati yetu na jirani yetu, Fundi Kasiano wa cherehani, palikuwa na ukuta wa mbao tu. Alisikia yetu yote, nasi tukasikia yake. Bakari alikuwa ametupa sharti moja, akiwa amesimama mlangoni na funguo mkononi: "Nawapa mpaka mavuno yaishe. Nikija nikute hakuna watu, narudisha saruji yangu. Zuhura utakaa dukani kwangu, na wewe Leokadia utarudi kwa masista wako."

Mwezi wa tano umeme ulikatika mchana, ukarudi kwa hasira. Mashine ilitoa mlio mdogo kama wa mtu aliyekanyagwa, ikanuka, ikafa. Tulikuwa tunakula ugali wa ulezi na maharage, na nakumbuka Zuhura aliendelea kushika tonge lake hewani mpaka likapoa. Aliyetupa matumaini ni Deo, kijana wa chuo aliyekuwa mteja wetu. "CD zenu hazijafa, dada," alisema. "Kuna programu inaitwa emuleta. Unaiweka kwenye laptop, laptop inajifanya ndiyo mashine ya gemu. Ila si kila laptop inaweza. Mchague yenye nguvu." Akatuwekea emuleta na gemu zetu zote kwenye flashi, akachana jalada la daftari na kuandika mistari minne: prosesa yenye kasi, kadi ya picha inayojitegemea, ramu isipungue nane, msiangalie uzuri. Huo wa mwisho aliupigia mistari miwili chini. Kesho yake akaenda Mpanda kwa mafunzo ya vitendo.

Sasa nimekuwa mtu mzima, naweza kusema lililonisumbua. Mtaani walikuwa wananiita mtaalamu. Nilikuwa nimetoka kwenye ofisi yenye kompyuta, hilo lilitosha, nami sikumsahihisha mtu. Ukweli ni kwamba nilijua kuchapa kwa vidole kumi bila kutazama, basi. Kompyuta ikigoma pale shuleni, tuliizima, tukasali, tukaiwasha. Kwa hiyo karatasi ile ya Deo niliiona kama tusi. Niliikunja, nikaitia kwenye mkoba, nikamwambia Zuhura, "Mtoto wa juzi ananifundisha mimi kompyuta."

Muuza laptop alikuwa na duka dogo karibu na benki, mwenye sauti ya upole na mashine za mitumba zilizopangwa kama vitabu. Walimu wawili walikuwa wamekaa wakisubiri kutengenezewa printa. "Karibuni dada zangu," alisema. "Mnatafuta ya kazi gani?" Zuhura akafungua mdomo, "Ya kuche—" nikamkanyaga mguu. Wanawake wazima kusema gemu mbele ya walimu! "Ya kazi nzito," nikajibu. "Nzito ya aina gani?" "Nzito ya kawaida." Akafikiri kidogo, akaweka mbili juu ya meza. Ya kwanza ilikuwa nyeusi, nene kama tofali la kuchoma, kifuniko kina mikwaruzo, na kitufe cha herufi A kimeng'oka, kimebaki kijipira. Ya pili ilikuwa nyembamba, ya rangi ya fedha, na ukigusa vitufe vinawaka taa kwa chini. Nikakaa mbele yake, nikafumba macho, nikachapa: MTIHANI WA MUHULA WA KWANZA, KIDATO CHA PILI, JIBU MASWALI YOTE SEHEMU A NA B. Herufi zilitoka kama mvua ya mawe. Walimu wakatazamana. Mmoja akasema, "Huyu dada ni mtaalamu." Hapo tena ningerudi nyuma vipi? Zuhura aliniinamia sikioni: "Karatasi ya Deo inasema prosesa." Nikamnong'oneza, "Prosesa ndiyo hiyo inayotoa herufi, shoga. Huoni zinavyotoka?" Tukainunua ya rangi ya fedha. Ile nyeusi nilipoijaribu nilichapa neno "maana" likatoka "mn", nikaisukuma pembeni kwa kidole kimoja, kama sahani yenye nzi.

Jumamosi iliyofuata chumba kilijaa. Nilichomeka flashi, nikaunga waya kwenye televisheni, wachezaji wakatoka uwanjani. Nasema wakatoka, lakini walitoka kama watu wanaokwenda kupokea majivu. Kipenga cha mwamuzi kililia kama ng'ombe anayeita ndama. Mtangazaji akaanza kutaja jina la mchezaji mmoja, na kwa muda aliolitaja, padri angekuwa amebatiza watoto wawili. Juu kwenye kona ya kioo palikuwa na namba ndogo ya kijani: asilimia arobaini na sita. Ilikuwa kasi ya mchezo, ikilinganishwa na kasi yake halisi, lakini mimi wakati ule niliidhani ni chaji. Kijana mmoja fundi baiskeli akaweka pedi chini taratibu. "Dada," alisema, "hii ni gemu au ni maandamano ya Ekaristi?"

"Ni baridi," nikasema. Ilikuwa mwezi wa sita, na nani Ufipa asiyeijua baridi ya mwezi wa sita? "Mashine haijapata moto." Nikavuta jiko la mkaa kutoka pembeni, nikaiweka laptop kwenye kigoda karibu nalo. Tukasubiri. Namba ikasoma thelathini na tisa. "Imeshuka," Zuhura akasema. "Inajikusanya," nikamjibu. Ilipofika thelathini na moja nikabadilisha dawa: nikaipeleka dirishani, Zuhura akawa anaipepea kwa kanga. Vijana walitoka mmoja mmoja, kwa adabu, kama wanaotoka kwa mgonjwa. Jioni ile tulimsikia Fundi Kasiano ng'ambo ya mbao akimwambia mteja, "Wale mabinti wamenunua laptop, lakini inaumwa. Tangu mchana wanaikanda."

Kwa wiki mbili hakuingia mtu. Zuhura aliacha kuniita shoga, akawa ananiita Leokadia, jina zima, na sahani yangu akawa ananisogezea bila kusema karibu. Mahindi yalikuwa yameanza kuingia mjini kwa malori, kila lori likipita barabarani alihesabu kwa sauti. Nilijua anahesabu siku zetu. Alikuwa bado hajaniuliza kama kweli najua kompyuta, nami nilikuwa namkwepa hata macho, maana angeniuliza ningeongopa tena.

Ndipo Mzee Anselmi alipopiga hodi. Alikuwa amekuja kufupishiwa suruali kwa Kasiano, na Kasiano hakuwa na jiko. "Shikamoo mzee," tukasema. "Marahaba. Nimeona mna moto." Akakaa benchi la karibu na mkaa, koti refu, kofia ya sufu magotini, akamtazama Zuhura aliyekuwa anacheza peke yake kwa uchungu tu. Alitazama kwa muda mrefu. "Kipa huyu nampenda," akasema. "Ametulia. Hana papara." Akaonyesha pedi kwa kidole. "Na mimi naweza kushika hicho?" Akapewa pedi. Sasa, dereva wa greda ni mtu ambaye kwa miaka thelathini mikono yake imecheza na vishikio kumi kwa wakati mmoja, huku macho yako mbele. Baada ya dakika chache alikuwa anapiga pasi. Baada ya nusu saa alifunga. Mpira ulisafiri polepole, kipa akaanza kuanguka polepole, nasi watatu tukasimama polepole pamoja nao. Akasahau suruali yake, ikabidi Kasiano amletee.

Kesho yake alirudi na Bibi Skolastika, mkunga mstaafu, mwanamke mpana asiyetoka bila sweta mbili na kazi ya kufuma mkononi. Kesho kutwa wakawa wanne, na kabla ya wiki kwisha walikuwa wanane, kila siku kuanzia saa nane mchana. Nimekaa na watu wengi katika maisha yangu, lakini sijui kama nimewahi kukaa na watu wenye furaha kama wale. Kwa kasi ile, kona ikipigwa ulikuwa na muda wa kukoroga sukari. Walijadiliana shambulizi kama wanavyojadiliana mahari, kila mtu akatoa maoni yake, kisha ndipo mchezaji akabonyeza. "Anselmi, una mtu kushoto," Bibi Skolastika alikuwa akisema bila kuinua macho kwenye sweta lake. "Kushoto, Anselmi. Meza chai kwanza, bado hajafika." Mechi ya dakika kumi ilikula zaidi ya dakika ishirini, na humo humo tukasikia nani ameozesha binti, bei ya mbolea, na kwa nini kwaya za vigango viwili haziimbi pamoja. Walileta viazi vya kuchemsha, wakaleta migebuka ya kukaanga ndani ya gazeti. Pedi zikawa zinanuka samaki mpaka mwaka ukaisha.

Bakari alikuja siku ya mwisho wa mwezi wa saba, na vijana wawili wa kubeba na mkokoteni wa saruji. Aliusukuma mlango, akakuta wazee wanane. Ilibidi asalimie. "Shikamoo mzee. Shikamoo bibi. Shikamoo mzee," mmoja mmoja, akiinama kila mara, na kila mmoja akaitikia kwa nafasi yake. Alipomaliza alikuwa ameshapoteza nguvu. "Nimekuja kuangalia kama kuna watu," akasema. "Ngoja kidogo, mwanangu," Mzee Anselmi akamwambia, "kuna kona hapa." Bakari akangoja kona. Bibi Skolastika akamtazama juu ya miwani. "Wewe ni Bakari wa pale sokoni? Nilikupokea mimi. Ulitanguliza miguu, ukatusumbua mpaka alfajiri." Vijana wa mkokoteni wakageukia ukutani. Bakari akanywa chai, akala kiazi, akaondoka na saruji yake, na hakurudi tena na habari za funguo.

Tungekuwa salama, kama si sifa. Mzee Anselmi alikuwa akimwambia kila mtu kwamba pale kuna binti mtaalamu, ametengeneza gemu ya watu wazima, yenye heshima. Nilikuwa nachekacheka, nasema, "Kidogo tu, mzee." Zuhura alinitazama kwa jicho ambalo hata sasa likinijia nahisi joto shingoni. Sifa hizo zikafika Kaengesa. Alasiri moja mwezi wa tisa gari la masista likasimama mlangoni, akashuka Sista Imakulata, bosi wangu wa zamani. "Leokadia," akasema, hata hajakaa, "ulikaa kwetu miaka mitatu unachapa mitihani, kumbe una ujuzi wote huu umeufungia? Wazazi wamechanga. Nataka laptop nane za wanafunzi. Twende dukani, uchague wewe."

Mchezo ulikuwa unaendelea, mpira uko hewani. Nilimtazama Zuhura, naye akatazama sakafu. Hakunikanyaga mguu. Nikawaona wale wasichana wa Kaengesa, nane nane kwenye dawati, wakisubiri mashine zifunguke. "Sista," nikasema, na sauti yangu ikatoka kwa kasi ya mtangazaji wetu, "mimi najua kuchapa tu. Hii laptop nilichagua kwa sababu inawaka taa. Gemu inakwenda polepole kwa sababu laptop haina nguvu. Sikuitengeneza. Nilikosea."

Sista alikaa. Bibi Skolastika akamaliza mshono wake, akasema, "Mimi nilijua. Mtu anayejua kompyuta haikandi kwa mkaa." Wengine wakaanza kucheka, na hata Sista akacheka, akauliza aliyeniuzia ni nani ili asikosee akaenda kwake. Lakini Mzee Anselmi hakucheka. Aliweka pedi juu ya benchi kwa uangalifu. "Kwa hiyo," aliniuliza, "magoli yangu yote yale, wenzangu kule duniani hawachezi hivi?" Nikasema hapana. "Wanakwenda mara mbili ya hivi?" Nikasema mara mbili na zaidi. Akachukua kofia yake. "Nimewaandikia wajukuu Dodoma," akasema, akatoka.

Nilimpigia simu Deo jioni ile, nikamweleza yote, hata taa. Alicheka mpaka simu ikakatika, akapiga yeye. "Sikiliza, dada. Unamkumbuka katekista anayetafsiri mahubiri kwa Kifipa? Padri anasema sentensi, anamngoja. Katekista akiwa mzito, misa inaisha saa saba. Emuleta ndiye katekista. Laptop inafanya kazi yake na ya mashine nyingine pia, kila sekunde. Hiyo yenu imetengenezwa isile umeme, ni ya barua na hesabu. Haina kosa. Mliipeleka kazi isiyo yake." Nikamuuliza nitajuaje yenye nguvu. Akanisomea mistari minne ile ile. Safari hii niliandika.

Siku ya tatu Mzee Anselmi alirudi, amevaa suruali yake iliyofupishwa. "Vaeni viatu," alituambia. "Mashine haichaguliwi ikiwa imezimwa. Miaka yote sijapokea greda bila kuipandisha kilima." Tukaenda wote watatu kwa yule muuzaji, na ile laptop ya rangi ya fedha, flashi na pedi mbili ndani ya mfuko wa unga. Kaka wa watu alinitambua. "Dada wa kazi nzito," akasema. Nikashusha pumzi. "Kaka, siku ile sikukwambia ukweli. Tunataka ya kucheza gemu. Na mimi sijui kuchagua, naomba unisaidie." Hakushangaa hata kidogo. "Gemu? Ungesema tu. Hiyo ni nyeusi ile." Ilikuwa bado ipo, na kijipira chake. Tukachomeka. Namba ya kijani kwenye kona ikapanda, ikasimama mia moja, haikutikisika. Uwanja ukalipuka kelele. Mzee Anselmi akacheza na Zuhura pale pale juu ya kaunta, wateja wamejaa mlangoni, akafungwa tisa bila. Sijaona mtu akifungwa kwa haraka namna ile. Alikuwa bado anatafuta mchezaji wake wa goli la pili wakati la nne linaingia. Ilipokwisha alipangusa paji la uso, akainama akaigusa laptop chini, kusikia kama imepata joto. "Hii ndiyo," akasema. "Mpeni ile yake." Muuzaji akaipokea ya rangi ya fedha, Zuhura akaongezea kidogo, tukatoka. Na Sista Imakulata nilimpeleka duka hilo hilo wiki iliyofuata. Nilikaa pembeni kimya, nikasema mara moja tu, "Mwambie za kazi gani, Sista, halafu ziwashe zote nane." Ile ya rangi ya fedha ilikuwa mojawapo. Nasikia iliwachapia wasichana mitihani miaka mingi, vizuri kabisa.

Vijana walirudi, vumbi la saruji likarudi, na Zuhura akarudi kuniita shoga, siku moja tu bila tangazo, akinisogezea maharage. Deo alinifundisha kwamba emuleta inaweza kupunguzwa kasi kwa makusudi, kwa hiyo kuanzia saa nane hadi saa kumi niliishusha nusu kwa ajili ya wazee, kisha nikaipandisha. Bibi Skolastika na wenzake waliendelea na kona zao na sukari zao. Mzee Anselmi peke yake alikataa. Alikaa na chai yake akiwatazama mpaka saa kumi, nikigusa kitufe na wachezaji wakianza kukimbia, ndipo anavuta benchi. Alifungwa na kila mtu. Alifungwa saba, alifungwa sita, fundi baiskeli alimfunga huku anakula muhindi. Mwezi wa kumi na moja mvua zilianza, yeye anafungwa. Krismasi ilipita. Nilijaribu mara moja kumshushia kasi kidogo, kwa siri, asilimia tisini tu, akageuka akanitazama: "Leokadia. Rudisha."

Ilikuwa mwezi wa pili, mvua inapiga bati hata hatusikiani. Alikuwa amekwishafungwa matano na fundi baiskeli. Akapata kona. Hakumwuliza mtu ushauri. Mpira ukaja, mtu wake akaruka katikati ya wengine wote, kichwa, wavu. Ilikuwa haraka mno, mimi niliiona ikiwa imekwisha. Chumba kilipiga makelele, vumbi likapanda, watu wakapiga chafya. Yeye aliweka pedi chini, akafunga vifungo vya koti, akavaa kofia. "Mzee, mpira haujaisha," fundi baiskeli akamwambia. "Ni matano kwa moja." "Wangu umeisha," akasema, akatoka mvuani. Mimi na Zuhura tukakimbilia mlangoni. Alivuka barabara yenye matope bila kuharakisha, akasimama mbele ya mashine ya kusaga iliyokuwa inanguruma, kina mama wamejaa pale na unga kwenye nyusi. Tulimwona akiwatangazia goli lake, hawasikii. Akasema tena, hawasikii. Basi akainua kidole kimoja juu, na mwenye mashine akaitikia kwa kichwa, akamletea debe moja la unga.